Mkanda wa Mama Pacha

Siku ya kwanza ya utafiti Mama Pacha aliwatia watafiti wasiwasi kwa kulala usingizi. Walimfungia kwenye chumba cha vioo, wakapandisha joto hadi nyuzi thelathini na nane, wakakaa nje wakingoja alalamike. Yeye alivua viatu, akanyoosha miguu, akakoroma. Saa nzima ilipotimia muuguzi akaja kumtoa, maana sheria ya utafiti haikuruhusu mtu kuzidisha hapo. Mama Pacha aliomba aongezewe kidogo.

Mtafiti, bwana mmoja wa miwani aliyesomea joto miaka saba, akamuuliza anafanya kazi gani. Akajibiwa kwamba anapiga pasi mashuka hotelini. Basi akamvalisha mkanda wa kifuani unaopima moyo na joto la mwili, akamwambia aende nao kazini. Vipimo vingeingia vyenyewe kwenye simu ya mtafiti.

Kesho yake, saa nne asubuhi, simu hiyo ilianza kulia kengele ya hatari. Mtafiti na muuguzi wakabeba machela, wakafika hotelini wakihema. Walidhani watamkuta Mama Pacha yuko chini. Walimkuta amesimama katikati ya mvuke na wenzake kumi na mmoja, akisimulia harusi ya wifi yake, shuka la themanini mkononi. Dirisha lilikuwa moja, nalo limepigiliwa mbao ili vumbi lisichafue mashuka.

Mtafiti akatoa kipimajoto, akakisoma, akafuta miwani, akakisoma tena. Akaanza kueleza jinsi joto linavyodhuru moyo na figo. Kwenye figo hakufika. Alikwenda chini taratibu kama shuka lililoponyoka kwenye kamba.

Msimamizi akaja mbio. Ndiye huyu aliyeombwa feni kwa miaka mitatu, na kila mara akasema hakuna joto, ni uvivu tu.

"Mtoeni nje upesi," alisema. "Humu si mahali pa kukaa binadamu."

Pasi kumi na mbili zikasimama. Mtafiti akabebwa kwa machela aliyokuja nayo. Mama Pacha akachomoa pasi yake ukutani, akajifuta uso kwa foronya ya wageni, akaifuata machela.

"Na wewe unakwenda wapi?"

"Nje, bosi. Si umesema mwenyewe?"

Nyuma yake plagi zikaanza kuchomolewa, moja baada ya nyingine.