Ndege Iliyochelewa Miaka Arobaini na Moja

Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, fundi wa meno ya bandia alifuta meza ya mama yake, akatandaza ramani ya kitambaa iliyochorwa mito na mawingu, kisha akapanga juu yake ndege za kivita kumi na mbili, kila moja ndogo kuliko kidole gumba. Sita zilikuwa zake, sita za kaka yake. Walirusha dadu, wakapima kwa rula, wakatunguana hadi chai ikapoa. Kaka yake, injinia mstaafu wa ndege za kweli, alikuwa mbishi asiyekubali kushindwa hata kwa nukta.

"Hiyo si sentimita nane. Hiyo ni saba na nusu."

"Vaa miwani, kaka."

Jumapili hiyo, saa tisa na robo, walisikia mvumo dirishani, kama wa nyuki aliyeshiba. Ndege ya plastiki ya ukubwa wa kiganja ilipenya katikati ya nondo, ikazunguka taa mara mbili ikitafuta pa kutua. Fundi akasogeza bakuli la sukari. Ndege ikashuka kwenye ramani, gurudumu la kushoto likavunjika, ikaserereka hadi kwenye rula. Injinia aliinua kikombe chake mapema, chai isimwagike.

Fundi aliitambua papo hapo. Ile rangi ya kijani aliichanganya mwenyewe, kwa sababu ya dukani ilikuwa imekwisha. Skafu nyekundu ya rubani aliipaka kwa unywele mmoja wa brashi, huku amebana pumzi. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, na ndege hiyo ilipotea siku moja kabla ya maonyesho ya shule. Baba yao alisema ameiangusha akaficha vipande. Yeye akaapa kwamba sivyo mpaka sauti ikamkauka. Baba akamnyang'anya gundi, brashi na msasa, akasema mwenye mikono ya kuvunja hakabidhiwi kitu cha kuruka. Kaka yake alishinda maonyesho kwa ndege yake, na ushindi huo ukamfungulia mlango wa chuo cha ndege. Fundi akaenda alikopelekwa, kujifunza kuunda meno. La ajabu ni kwamba, kwa kuambiwa sana, aliishia kuamini. Karakanani kwake hakuwahi kuinua kitu bila kukinga mkono wa pili chini yake.

Kifuniko cha kioo kikafunguka. Rubani, mrefu kidogo kuliko punje ya mchele, akateremka kwa shida, kwa kuwa magoti yake hayakuwa na viungo. Akampigia fundi saluti.

"Naomba radhi kwa kuchelewa, mkuu. Kila uwanja niliouona ulikuwa wa ndege kubwa."

"Uliondokaje?" fundi akauliza.

Rubani akamwashiria injinia kwa kidevu. "Huyu alinibeba hadi dirishani, akanisukuma nje. Nilikuwa na mawili, kuanguka au kuruka. Nikaruka."

"Kwa hiyo mimi sikukuvunja?"

"Hujawahi kunivunja, mkuu."

Injinia akanywa chai yake, funda moja, kisha jingine.

"Nilikuwa na miaka kumi na mitatu," alisema. "Na yako ilikuwa nzuri kuliko yangu." Akamsogezea dadu. "Zamu yako."

Fundi alisubiri hasira ije. Haikuja. Kilichomjia kilikuwa pumzi, ndefu, ya mtu aliyetuliwa mzigo kichwani, na shingo yake ikanyooka yenyewe. Aliacha dadu zilipo, akaenda chumbani kwa mama yake, aliyekuwa amekaa kitandani akipanga soksi.

"Mama, ile ndege sikuivunja."

"Najua, mwanangu. Nilimwona kaka yako, nilikuwa uani naanua nguo."

"Mbona hukusema?"

Mama alitafuta soksi ya pili ya kijivu mpaka akaipata. "Baba yenu alikuwa ameshasema. Na yeye akishasema, nani wa kumrudisha? Na mtoto wa kiume alikuwa yule mmoja tu."

Akampa binti yake ncha mbili za shuka. Wakalikunja pamoja, wakakutana katikati, wakalikunja tena. Fundi akamwona mama yake amezeeka, akambusu kwenye paji la uso, akarudi mezani kumalizia mchezo. Alishindwa kwa ndege tatu, na alicheka kila moja ilipotunguliwa.

Jumatatu alikwenda kazini na ndege kwenye boksi lililojaa pamba. Rubani alitaka kujua kama kuna amri mpya. Fundi akamwambia kwanza gurudumu litengenezwe, kisha wataona. Hakuwa na plastiki nyeusi, basi akachonga gurudumu kwa ile ya kutengenezea ufizi, ya waridi, akalisugua likang'aa.

Daktari wa meno alipoingia kuchukua meno ya mgonjwa wake, aliikuta ndege ikipasha injini moto juu ya meza ya kazi.

"Ya nani hii?"

"Yangu. Niliiunda nikiwa mtoto."

Daktari akainama, akaitikia salamu ya rubani, akaitazama skafu kwa karibu. "Mikono gani hii! Wewe ungesomea ndege."

"Alisomea kaka."

"Basi si haba, mmoja kwenye familia anatosha," daktari akasema, akachukua meno yake akaondoka.

Fundi akasogeza sinia la taya za plasta ili njia ipatikane. Ndege ikakimbia juu ya gurudumu la waridi, ikainuka, ikazunguka chumba karibu na dari. Hakuinua macho kuitazama. Alikuwa na magego manne ya kusawazisha kabla ya saa sita, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, alikuwa anapiga mluzi.