Lango la Yadi ya Dhumal

Hirabai alikuwa bado ghorofa ya tatu, akibishana na mama mmoja aliyechanganya maganda ya maembe na vipande vya glasi, pale Balu dereva alipoanza kupiga honi chini. Hakuharakisha. Alimwonyesha yule mama kidole chake chenye kidonda kibichi, akangoja mpaka taka zikatengwa, ndipo akashuka ngazi. Mangal, mwenzake wa kuzoa taka mtaa ule, alikuwa akimwambia Balu kwamba honi haizoi taka.

Asubuhi ilikuwa njema. Mvua ilikuwa imepungua mjini Pune. Vitunguu vilikuwa vimepanda bei tena, na Mangal alidai kwamba anapika dengu bila vitunguu na mume wake hajashtuka hata kidogo. Walicheka njia nzima, wameketi juu ya magunia nyuma ya lori, hadi yadi ya Dhumal.

Dhumal alikuwa mkandarasi. Kampuni ya kina Hirabai ilizoa taka mjini, yeye akalipwa kuzichambua. Watu wake aliwatoa mbali, jimbo la Odisha, nao walilala mle mle ndani, nyuma ya marobota ya plastiki. Vitambulisho vyao alivikusanya siku waliyofika, eti visipotee. Lango alilitia kufuli, eti wezi. Hirabai aliyajua hayo kwa Kuni, msichana aliyechambua chupa pamoja na mume wake Sanatan, wakizungumza kwa Kihindi chao cha kuungaunga. Kuni alikuwa ameletewa habari kwamba mama yake ni mgonjwa, akaomba ruhusa ya kwenda kwao. Dhumal akamjibu kwamba nauli ya kumleta bado hajamaliza kuilipa. Tangu hapo hakuomba tena.

Siku hiyo walimkuta Ketaki, mkaguzi kutoka makao makuu, amesimama chini ya bango jipya. Bango lilisema kampuni haivumilii utumwa wa aina yoyote, wala kwa wakandarasi wake. Lilikuwa la Kimarathi, na Kuni hakujua kukisoma. Ketaki alimuuliza kwa upole, kwa Kihindi, kama anafanya kazi kwa hiari yake. Dhumal alikuwa amesimama karibu nao mno, mikono nyuma. Kuni akasema wana raha, bosi ni mtu mwema. Aliyasema kama mtoto anayekariri somo. Ketaki hakuridhika, uso wake ulionyesha, lakini jibu lilikuwa limeshatolewa. Akafunga mkoba wake.

Hirabai alishusha gunia, akajifuta mikono kwenye sari.

"Kuni mwanangu, ziache hizo chupa. Twende tukanywe chai kwa Vilas."

Kuni alimtazama Dhumal kwanza.

"Huyu yuko kazini," Dhumal akasema. "Chai ipo humu ndani."

"Mimi namwalika kwa Vilas. Ni hapo ng'ambo ya barabara, bosi, si Mumbai."

"Hirabai, shusha mzigo wako uende."

"Tutashusha tukirudi."

Mangal alikuwa na gunia kichwani. Alilirudisha juu ya lori, akalikalia, akasema hata yeye koo limemkauka. Lori jingine likafika nyuma yao, likakosa pa kupita, na dereva wake akaanza kuuliza kuna nini. Dhumal akacheka peke yake.

Ketaki alikuwa amemkazia macho. "Mimi pia nina kiu, Bwana Dhumal. Nitakwenda nao, na mume wa Kuni pia. Kuna tatizo?"

Dhumal alisema hakuna tatizo lolote. Wakafika langoni, na hapo Kuni akasimama.

"Vitambulisho vyetu, bosi," alisema taratibu. "Wewe mwenyewe ulituambia, atakayetoka nje bila kitambulisho atakamatwa na polisi."

Dhumal alikwenda kwenye gari lake, akarudi navyo.

Kwa Vilas, Kuni aliimimina chai kwenye kisosi, akaipuliza, akainywa yote. Kisha akasema harudi mle ndani. Sanatan alirudi na Balu kuchukua blanketi na sufuria yao. Ketaki aliwaeleza kwamba deni la namna ile sheria hailitambui, akawapeleka stesheni mwenyewe kwa gari lake. Kuni alipunga mkono dirishani mpaka gari likapinda kona, na Hirabai akashinda siku ile akiimba, ingawa sauti yake Mangal hakuwahi kuipenda.

Wiki iliyofuata Ketaki alikuja kumweleza yaliyobaki. Dhumal alikuwa ameonywa, mkataba wake haukuguswa. Makao makuu walisema hakuna anayefanya kazi ile kwa bei rahisi kama yeye. Ketaki alisema hayo akitazama viatu vyake. Hirabai hakumlaumu. Alimmegea mkate wake wa mtama, wakala pamoja.

Haikuchukua muda, familia nyingine ikaletwa, safari hii kutoka Jharkhand. Hirabai aliwaona kwa mbali kupitia nyavu za uzio. Lango lilikuwa na kufuli. Mlinzi alikuja mbio kulifungua, lori likaingia, naye akashika komeo alirudishe.

"Liache," Hirabai akasema.

"Dada, bosi ametaka lifungwe."

"Likifungwa, hatushushi kitu."

Mangal tayari alikuwa amekaa juu ya magunia. Malori mawili nyuma yao yalizima injini, na wanawake waliokuwamo wakakaa pia. Mlinzi alitazama huku na huku. Halafu akaviringisha jiwe kubwa kwa mguu, akalizuia lango libaki wazi, na Hirabai akaanza kushusha.