Ubao wa Kwanza

Barua ya binti yangu Dorkasi ndiyo barua ya kwanza niliyoisoma kwa macho yangu mwenyewe. Zamani barua za nyumbani nilimpelekea mtu anayejua kusoma, naye akanisomea mbele za watu, nami nikajifanya sikuumia. Hii niliisoma peke yangu nyuma ya karakana, nimeketi juu ya rundo la mbao, kidole kikifuata mstari.

Aliandika: “Baba, shikamoo. Sisi hatujambo. Nitapata kipaimara Jumapili ya Matawi, hapa Vuga. Mama amesema nisikuandikie uje. Amesema nikuandikie siku tu.”

Niliisoma mara tatu nikitafuta neno lililobaki. Halikuwapo.

Ilikuwa mwaka 1956, nami nina miaka arobaini na mmoja. Nilikuwa fundi seremala katika karakana ya Fundi Mwinyijuma, Ngamiani, mjini Tanga. Mke wangu Lea na Dorkasi walikuwa milimani Usambara, na nilikuwa sijawaona kwa miaka mitano. Siyo kwamba Mwinyijuma alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mpole, na mkono wake juu ya mvule ulikuwa mkono wa baraka. Lakini alikuwa na desturi aliyorithi kwa baba yake, nayo ndiyo iliyonifunga.

“Mteja akija,” alikuwa akisema, “chukua ubao, pima, kata mbele yake. Akisikia msumeno moyo wake unatulia. Hawezi tena kwenda kwa fundi mwingine, maana ubao wake umekwisha kukatwa.”

Basi tulikata. Jina la mteja tuliliandika kwa makaa juu ya ubao, tukauegemeza ukutani. Ukuta mzima ulikuwa majina. Kazi ya nani itangulie iliamuliwa na nani amekuja kupiga kelele asubuhi hiyo. Tuliacha kitanda cha huyu tukashika mlango wa yule, na jioni hakuna kilichokwisha. Na sheria ya Fundi ilikuwa moja: hakuna aendaye kwao kabla kazi aliyoishika haijatoka mlangoni. Mimi nilikuwa nimeshika kazi tano. Nilikosa harusi ya mdogo wangu. Nilikosa maziko ya mkwe wangu, baba yake Lea. Kila mara nilituma salamu: nakuja Krismasi, nakuja Pasaka, nakuja wakati wa mavuno.

Jioni baada ya kazi nilikwenda darasa la watu wazima katika chumba cha kanisa letu. Mwalimu wetu, Ernesti, mchana alikuwa karani wa reli. Vitabu havikutosha, kwa hiyo alituletea ratiba kuukuu za garimoshi tujifunzie kusoma. Tanga, Pongwe, Muheza, Korogwe, Mombo. Mombo ndiko ninakoshukia niendapo kwetu. Neno hilo nililisoma mpaka karatasi ikachakaa pale kidole kinapokaa.

Siku nilipopata ile barua, nilimwuliza, “Mwalimu, hili garimoshi la kupanda, mbona linasimama hapa muda mrefu hivi?”

“Linangoja la kushuka lipite. Reli ni moja, Rafaeli. Ukiyaingiza yote mawili kwa kuwa abiria wote wana haraka, hatafika mtu.”

“Na mtu wa ratiba anajuaje la kupanda litafika saa ngapi?”

“Anaanza na saa ya kufika, halafu anarudi nyuma, kituo kwa kituo.”

Niliporudi chumbani nilipiga magoti kando ya mkeka. Sikuomba nifike Vuga. Niliona haya kumwomba Mungu jambo nililoliahidi mara nyingi bila yeye. Niliomba akili tu.

Asubuhi yake nilimwendea Fundi. Tulikuwa na kazi ya madawati thelathini ya shule mpya ya Pongwe. Wazazi walikuwa wamechangishana mbao wenyewe, na lori lao lingekuja kuyachukua Jumamosi ya kuamkia Matawi, saa sita mchana. Zilibaki wiki tatu.

“Shikamoo, Fundi.”

“Marahaba. Uso wako leo wa kuomba kitu.”

“Madawati yakiwa tayari siku yake, nipe ruhusa nipande garimoshi la Jumamosi ile asubuhi.”

“Yakiwa tayari, nenda,” akasema, akacheka, maana hapakuwa na kitu kilichowahi kutoka pale siku yake.

“Na kwa wiki hizi tatu, Fundi, tusikate ubao mwingine.”

Kicheko kikakatika. “Mteja aje, mimi nimtazame tu?”

“Umpe siku. Siku ya kweli ya kuanza kazi yake na siku ya kuimaliza.”

Uweso, mwenzetu wa kupiga randa, Mdigo asiyeweza kunyamaza, akainua kichwa. “Msambaa huyu anataka tuuze siku. Jana seremala, leo kalenda.”

Lakini Mwinyijuma alikuwa akiutazama ukuta, na majina. Akasema, “Tujaribu. Wiki tatu siyo umri.”

Nilipasua mfuko wa saruji, nikaugeuza upande safi, nikachora kwa makaa vyumba vya siku. Nilianza na Jumamosi ya lori, nikarudi nyuma. Siku mbili vanishi ikauke. Kabla yake msasa. Kabla yake gundi. Kabla yake kutoboa matundu na kuchonga ndimi za kuingia humo. Nikaacha siku mbili tupu kwa ajili ya mvua, maana masika ilikuwa karibu. Jumapili zote nikaziacha nyeupe. Nikaubandika ukutani, juu ya mbao za watu.

Wiki ya pili akaja Bi Asmahani, mama mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Binti yake angeolewa mwisho wa Shaaban, kabla ya Ramadhani, naye alitaka kabati.

“Haya, Fundi, nikatieni ubao wangu nione.”

Mwinyijuma akaushika msumeno kwa mazoea. Kisha akaurudisha taratibu, kama mtu anayerudisha tonge sahanini.

“Leo hatukati, Bi Asmahani. Kabati lako tutalianza Alhamisi kabla ya Pasaka yao kina Rafaeli. Utalichukua baada ya siku kumi.”

“Bila ubao? Nishike nini mkononi?”

“Shika siku.”

“Siku haina msumari, Mwinyijuma.” Akatazama ukuta. “Huyu Semeni ubao wake una mwaka. Buibui wamekwisha kuhamia.”

“Ndiyo maana hatukati,” nikasema. “Tukikata leo, wako utakaa karibu na wa Semeni.”

Alinipima kwa macho. “Na nani atalifanya hilo kabati?”

“Mimi.”

“Alhamisi hiyo utakuwapo?”

“Nitakuwapo.”

“Alhamisi nitakuja na kiti changu,” akasema. “Nitakaa hapa mlangoni nikuone.” Akaondoka. Uweso akasema afadhali kudaiwa na simba.

Kazi ilikwenda. Nilikuwa sijapata kuona kitu kimoja kikitembea hivyo, kutoka mkono hadi mkono, bila kuachwa njiani. Nikaanza kuuona uso wa Dorkasi nilipokuwa nikipiga patasi, na kila mara nilimwona vile alivyokuwa nilipoondoka, mtoto wa kubebwa begani wakati wa kuvuka mto. Nilijua hakuwa hivyo tena. Sikuwa na sura nyingine ya kuweka mahali pake.

Kosa lilikuwa langu. Ijumaa ya wiki hiyo karatasi ilisema gundi, madawati kumi. Gundi yetu ilikuwa ya kuchemsha. Ukiipaka, mikono mingi lazima ikaze maungio yote kabla haijapoa. Chungu kilipochemka nikapaka dawati la kwanza na la pili, nikaita. Hakuna aliyeitika. Nikatoka uani nikawakuta Fundi na Uweso wamekwisha kutawadha, kanzu mwilini.

“Gundi iko tayari,” nikasema.

Uweso akanionyesha jua. “Na adhana je? Jumapili umeiacha nyeupe kama shuka ya harusi. Ijumaa umeijaza mpaka pembeni. Ulitubatiza lini, Msambaa?”

Nilikuwa nimemwomba Mungu akili, naye akanipa, nami nikaitumia kuiona siku yangu tu. Waliporudi kutoka msikitini, madawati mawili yalikuwa yameganda yakiwa yamepinda. Tuliyavunja, tukachonga miguu upya. Zile siku mbili za mvua zikaishia hapo.

Nikachukua kitambaa, nikaifuta Ijumaa ya wiki iliyofuata kuanzia saa tano hadi saa nane, nikaiacha nyeupe kama Jumapili. Mwinyijuma alikuwa nyuma yangu akitazama.

Wiki ya mwisho mvua ikaja, wala siku ya kuipa sikuwa nayo. Vanishi ilikataa kukauka. Ijumaa jioni madawati ishirini na sita yalikuwa tayari, na manne yalikuwa bado yakinata. Niliusikiliza mlio wa mvua juu ya bati, nikaona neno “Mombo” likifutika. Nikamwendea Fundi kabla hajaniita.

“Manne hayajakauka. Sheria ni sheria. Nitabaki.”

Alikuwa akivaa viatu. Akaelekeza kidole kwenye mfuko wa saruji. “Mimi sikusoma. Kesho pamesemaje pale?”

“Kukausha. Halafu kupakia.”

“Kupakia kunataka fundi wa maungio?”

“Hapana.”

“Basi tutawasha makaa ndani mimi na Uweso, tuyageuze kama samaki. Yatakauka.” Akafunga kamba ya kiatu. “Wewe ulipoiona Ijumaa yetu uliifuta. Na mimi Jumapili yako nimeiona, Rafaeli. Nenda. Lakini Alhamisi Bi Asmahani anakuja na kiti.”

“Jumatano nitakuwa njiani kurudi.”

“Umsalimie mama watoto,” Uweso akasema. “Mwambie tulikuficha sisi, si mwanamke.”

Garimoshi liliposimama Pongwe nilitazama nje. Shule sikuiona, nikaona mvua na wanawake wamejifunika majani ya mgomba. Lori lilikuwa bado. Niliyaombea yale madawati manne, jambo ambalo sikuwahi kukifanyia kiti wala kitanda. Kutoka Mombo nilipanda basi hadi Soni, nikalala kwa Mkristo mmoja, na alfajiri nikaanza kutembea kwenda Vuga.

Kengele ya pili ilinikuta mlangoni. Wasichana waliingia wamevaa nyeupe, matawi mikononi, na nilimtafuta mwanangu kwa sura ya mtoto niliyokuwa nimeibeba kichwani miaka yote ile. Alipita karibu nami bila mimi kumjua. Ni yeye aliyesimama, akanitazama, kisha akakumbuka yuko kanisani akaendelea mbele.

Baada ya ibada Lea alinijia uani. Alikuwa amekonda. Alinitazama kama tunavyotazama ubao, kutafuta ufa.

“Baba Dorkasi. Una siku ngapi?”

“Leo, kesho na kesho kutwa. Jumatano alfajiri nashuka. Kuna kabati la watu nimeliahidi.”

“Siku tatu.”

“Tatu.”

“Na utarudi lini?”

Jibu lilikuwa tayari mdomoni: Krismasi. Lilikuwa tamu, na nililitamani kuliko yeye alivyolitamani. Nikasikia moyoni ule msumeno wa kumtuliza mteja.

“Sijui bado,” nikasema. “Nikiijua siku nitaiandika, kwa mkono wangu mwenyewe. Sitaiandika kabla.”

Watu walipita wakitupa mkono, Lea akawaitikia bila kuondoa macho yake kwangu. Nilidhani atalia au atageuka aende. Hakufanya moja wala jingine.

“Hizo tatu ni zetu kweli?”

“Ni zenu.”

Akauchukua mfuko wangu wa nguo, akautia kwapani, akatangulia njiani. Dorkasi akaja upande wangu wa pili, mrefu kufikia sikio langu, harufu ya sabuni kwenye nguo yake mpya. Jua lilikuwa limepanda kidogo tu juu ya migomba, na mimi nilikuwa nimeanza kuionea hamu ile Jumapili kana kwamba imekwisha kupita, nikiwa bado ndani yake.