Herufi Nilizozisikia

...E, kisha F na P, kisha T, O, Z, naam, ninazo zote, nilizidaka nikiwa bado kwenye benchi, yule mama wa Pongwe, Praxeda, alipokuwa akisomeshwa mlango wazi, sauti kama ya mnadani, Mungu ampe heri, maana mimi ubao wenyewe wa kupimia macho siuoni, naona ukungu, na ndani ya ukungu weupe fulani ambao huenda ni ukuta... "Funika jicho la kulia, Bwana Rizwan, unisomee kwa hili la kushoto," anasema Dokta Nehemia, kana kwamba la kulia lina cha kufunikwa, lile lilikwisha zamani, hili ndilo nililobaki nalo, na kioo chake cha mbele nacho kikaanza kuchongoka kama kawa la kufunikia wali, nikalipeleka Bombay, mimi niliyefika Muskat, Karachi na Dubai kutafuta vitambaa na kila mji nikapotea, wakanilaza, wakalidondoshea dawa ya njano, wakaliwashia mwanga wa zambarau ili kioo kikakamae kisizidi kuchongoka, nikawaambia wauguzi wanigeuze na upande wa pili nisiungue, wakacheka, nami nilikuwa nimekojoa kidogo kwa hofu... ukungu utakuja, walisema, kisha utaondoka, ila kwa wengine hukaa, hili la mwisho walilisema chinichini, Batulbai hakulisikia... "Si usome," huyo Batulbai, mke wangu, yuko nyuma ya kiti, "dukani mbona hunyamazi," nami nacheka huku kwapa zinavuja, nikisoma atafurahi, atapiga simu kwa ukoo mzima, na Dokta ataandika nimepona, na ukungu utakaa humu kama mpangaji asiyehama... marehemu baba, Esmailji, mwaka ule wa themanini na tatu, rafu za duka tupu, sabuni hakuna nchi nzima, naye hakuweza kumvunja mtu moyo, "Itakuja kesho, mama," akimwambia Mwamvua wa Nguvumali, na kesho Mwamvua huyo mlangoni, na kesho kutwa yupo, hata asubuhi moja akajishika kiuno, "Esmailji, heshima yako ninayo, lakini niambie hakuna, nijue pa kwenda kutafuta," mimi nyuma ya kaunta nacheka, zuzu mimi... pa kwenda kutafuta... matone ya kuondoa ukungu yapo, walisema Bombay, yakiwahi, yakiwahi... na kama hayakuwahi je, na kama tayari... "Mstari wa juu tu, taratibu," anasema Dokta, E iko ncha ya ulimi, naimeza, na F, na P, zote zinashuka kama vidonge bila maji, na tangu nikae hapa ndiyo kwanza natazama, natazama kweli, kuna kijivu, kuna cheusi ndani ya kijivu, huenda ni herufi, huenda ni bega la muuguzi, sijui, nami nafumbua mdomo, na humo sina ila neno hilo moja, sijui