Uvimbe Umekwisha

Mke wangu alikuwa na uvimbe kwenye pafu. Daktari bingwa, mkubwa wa wodi ya saratani, akatuletea habari za dripu mpya.

"Hii haiui saratani yenyewe, mama. Mwili una askari wake, saratani imewafunga. Dawa inawafungua."

Mke wangu akanigeukia. "Kama mbwa wako, baba watoto."

Mimi mlinzi wa ghala. Mbwa nawafungua jioni, nikishapiga filimbi na wapakiaji wote wakatoka. Nikauliza, "Na hao wakifunguliwa, wanamjua mwenye nyumba?"

"Mzee, kazi ya watu waachie wenyewe." Wanafunzi wake wakacheka. Muuguzi tu ndiye alituvuta pembeni: akianza kuhara, ni askari wamegeukia utumbo; mje mbio, ipo dawa ya kuwatuliza.

Baada ya dripu ya tatu mke wangu akaanza. Maji kwanza, kisha damu. Nikambeba mgongoni hadi kwa bingwa. Hata tumbo hakumgusa.

"Mpeleke wodi ya kuhara."

"Muuguzi alisema ipo dawa ya kuwatuliza hao askari."

"Muuguzi ndiye daktari siku hizi? Uvimbe unayeyuka kama mshumaa, niwafunge tena? Wageni wanakuja kuona picha zake."

Wodi ya kuhara wakampa maji ya chumvi na sukari, wakamkaripia kwa kula ovyo barabarani. Mtu ambaye hata uji ulikuwa haupiti! Kitandani akanishika mkono, midomo imepasuka. "Baba watoto, mbwa wako angalau hubweka. Hawa wanakula kimya kimya."

Asubuhi tumbo lilikuwa gumu kama ubao. Daktari wa upasuaji akalibonyeza, akatukana chinichini: utumbo umetoboka. Mke wangu akakata roho wakimsukuma koridoni.

Nilipofuata nguo zake, nikamkuta bingwa na wageni mbele ya picha ya pafu, safi, bila doa.

"Uvimbe umekwisha kabisa," anawaambia.

"Na mgonjwa?" mgeni mmoja akauliza.

"Alipatwa na tumbo la kuhara. Jambo lingine hilo." Akaniona mlangoni na mfuko wa kanga. "Pole sana, mzee. Ila furahi, dawa ilifanya kazi."

Mwaka huohuo mbwa wangu mmoja alimng'ata mpakiaji kisigino. Jeraha dogo, halikuhitaji hata mshono. Nikafukuzwa kazi siku hiyohiyo.

Bingwa sasa ndiye mkuu wa hospitali nzima.