Mstari wa Saa Sita

Mimi ndiye mtu wa mwisho kuisikia ile meli. Ndivyo magazeti yanavyoandika, na ndivyo dada yangu anavyonitambulisha kwa wageni wake huu mwaka wa tisa, mkono begani kwangu, kama anayeonyesha kabati jipya. Nimechoka kuwa mtu wa mwisho.

Ilikuwa meli kuukuu ya mizigo yenye mabaharia kumi na mmoja. Mpishi wao alikuwa shemeji yangu, mume wa dada, mtu wa kucheka hata akiungua. Iliondoka na shehena ya saruji na siku ya tatu ikapotea. Bahari shwari, anga safi, saa sita mchana imetoa taarifa kwamba wote salama, kufika jioni haipo. Hakuna ubao, hakuna mafuta juu ya maji, hakuna hata kofia.

Hapo watu wakapata la kusema. Wako wanaosema bahari ya pale ina mdomo unaofunguka kila miaka thelathini. Wako wanaosema ni kazi ya majini na mashetani. Wako wenye shahada zao, wanaosema ni gesi itokayo chini na kuyafanya maji yashindwe kubeba chombo, kwamba meli ilizama kabla mtu hajamaliza kupiga chafya. Mmoja alichora duara kwenye ramani akaliita Shimo la Saa Sita, na jina likashika. Lisemwalo lipo, wanasema. Hili halikuwapo. Nalijua vizuri kwa sababu nililiandika mimi.

Chumba chetu cha redio kilikuwa ghorofa ya pili bandarini: redio mbili, feni yenye kelele, daftari moja nene. Kila meli iliyo safarini huita mara tatu kwa siku, alfajiri, saa sita na jioni, ikasema iko wapi na watu wake wako vipi. Sisi tunaandika mstari mmoja. Msimamizi wetu, tuliyemwita Wino Mwekundu, hakuvumilia mstari mtupu. Akiuona anauzungushia duara jekundu na kukudai maelezo ya kurasa mbili. Sasa manahodha ni watu wa kuchelewa, na redio zao nyingi ni za kubembeleza. Basi tulikuwa na desturi ambayo hatukufundishwa na kila mmoja aliijua: kuziba pengo. Unachukua mahali meli ilipokuwa jana, unaisogeza mbele kwa rula kufuata njia yake, unaandika "wote salama". Ikiita baadaye, unasahihisha. Na waliita siku zote.

Siku ile alfajiri hawakuita. Nikaziba. Saa sita hawakuita. Nikachukua rula, nikaziba tena, chai yangu ikiwa bado ya moto.

Nusu saa baadaye dada akapiga simu.

"Kina shemeji yako wameita?"

"Wameita, dada. Wote salama. Nahodha sauti tulivu kabisa."

"Yeye je, umemsikia mwenyewe?"

Mpishi hashiki redio, wote wawili tulilijua hilo. Lakini dada alikuwa ameota vibaya na sauti yake ilikuwa imekauka, nami nampenda dada yangu.

"Nimesikia sufuria zikigongana kwa nyuma," nikamwambia. "Alikuwa anapika."

Akacheka. Ndicho kicheko chake cha mwisho cha kweli nilichokisikia.

Mwenzangu wa zamu ya jioni aliona mistari yangu miwili imekaa sawa, naye akaziba wake, kisha akaufuta mambo yalipoharibika. Kengele ilipigwa kesho yake, na vyombo vya uokoaji vikaenda moja kwa moja pale rula yangu ilipoiweka meli. Havikukuta kitu. Vingekuta nini? Siku ya kwanza nilinyamaza kwa kuogopa kufukuzwa kazi. Siku ya pili niliogopa jela. Baada ya hapo niliogopa uso wa dada tu, na woga huo ndio uliodumu. Nilikuwa mwoga, sina neno lingine la kujipamba.

Wiki tatu baadaye jaketi la kujiokolea lenye namba ya meli ile liliokotwa ufukweni, mbali sana kusini. Wataalamu walikuna vichwa: mkondo wa maji hauwezi kulitoa Shimoni hadi kule. Kweli hauwezi. Lakini ukianzia pale walipoongea mara ya mwisho, jioni ya kuamkia siku ile, mkondo unakwenda huko huko. Meli ilikuwa imeharibika usiku, ikachukuliwa kusini, na sisi tukaitafuta kaskazini. Ndani ya kola mtu alikuwa amechora mikwaruzo minne kwa kisu, imepangwa sawasawa. Walisema ni alama za viumbe wa chini ya maji. Dada alipewa jaketi, akalitundika nyuma ya mlango wa sebule.

Wiki hii amekuja Mtafiti, bwana mwenye kizibao cha mifuko mingi. Amekodi boti, na Ijumaa anawapeleka jamaa za waliopotea Shimoni wakawaite wapendwa wao kwa majina, kila mmoja na nguo za mtu wake mkononi. Jumatano alasiri nikaenda kwa dada. Nilimkuta anapiga pasi.

"Karibu, mdogo wangu. Usizikalie hizo, nimeshazinyoosha."

Kwenye kochi kulikuwa na mashati matatu ya shemeji na suruali yake ya kijivu. Niliinua suruali. Kiuno kilikuwa kimepunguzwa, kwa mshono mpya mzuri.

"Umeipunguza?"

"Si atakuwa amekonda? Yule bwana asipojipikia mwenyewe hali."

Nikamwona kichwani amesimama kwenye boti, ameinyoosha suruali ile juu ya maji ambayo mumewe hakuwahi kuyafikia. Ikanishinda. Nikasema yote, rula, mistari, daftari, mpaka rangi ya kikombe changu cha chai.

Kwanza alizima pasi. Kisha akauliza kama karani.

"Saa sita hawakuita."

"Hawakuita."

"Na alfajiri?"

"Hawakuita, dada. Mwisho ilikuwa jana yake jioni."

Akaenda nyuma ya mlango, akalitungua jaketi, akapindua kola. Akaweka kidole kwenye mkwaruzo wa kwanza.

"Alikuwa anahesabu siku. Hii ndiyo uliyoniambia wote salama."

"Ndiyo."

Kidole kikasogea. "Hii, wakawa wanatafutwa wapi?"

"Niliposema mimi."

Wa tatu aliugusa bila kuuliza. Kwenye wa nne alikaa sana. Nilisubiri kofi, na Mungu anajua nililitaka.

"Na sufuria?" akauliza.

Angeuliza kitu kingine chochote ningejibu haraka.

"Nilizitunga."

Mengine yote aliyapokea amesimama. Hili lilimkalisha juu ya mashati aliyotoka kuyanyoosha, na akalia kwa sauti iliyowafanya majirani wafungue madirisha. Miaka tisa alikuwa akilala na mlio wa sufuria zile. Nilijaribu kumshika mkono akauondoa.

Alipomaliza, alijifuta uso kwa mkono wa shati la mumewe. Akachukua simu yake, akatafuta namba ya Mtafiti, akabonyeza na kunikabidhi.

"Mwambie," akasema. "Wamebaki wenzangu kumi wanaonyoosha nguo. Na useme kwa sauti tulivu, kama ile ya nahodha wako."

Mtafiti alipokea kwa furaha, akidhani ni dada. Akauliza kama nguo za kupeleka ziko tayari.

"Saa sita hawakuita," nikamwambia.