Mtoto Aliyekataa Majina ya Marehemu

Mtoto wa Teodora alikuwa amewakataa marehemu wote wa ukoo.

Kwa kina Teodora, watu wa kando ya ziwa waliohamia Mkolani, kichanga kisichonyamaza hulilia jina. Wazee humtajia waliotangulia, mmoja baada ya mwingine, na jina litakalomnyamazisha akanyonya ndilo lake. Bibi Evelina alitaja mababu, akataja mashangazi, akafika hadi kwa binamu mlevi ambaye hata siku ya kuzikwa hakuliliwa. Mtoto akazidi kupasua paa.

Teodora akachoka na wafu, akarudia kulalamikia mambo yake ya shule. "Nitarudi wapi mimi, bibi, na yule Madam Getruda ameshasema hataki kuniona?"

Mtoto akanyamaza. Akatafuta titi, akalishika, akanyonya kama mwenye madai.

Bibi akaweka kikombe cha uji chini. "Sema tena."

"Niseme nini?"

"Hilo jina."

"Bibi, hapana."

"Getruda," Bibi akamwita mtoto, na mtoto akapiga funda la nguvu. Ikawa imeisha hiyo.

Baba wa mtoto hakuulizwa. Wenzake walilingoja daraja la Busisi miaka. Yeye alilikuta tayari siku aliyosikia habari za mimba, akavuka, na tangu hapo hajaonekana upande huu.

Mtoto alipokaza shingo, Teodora alikwenda shuleni. Mwalimu Mkuu Yakobo, mtu mpole anayeshtuliwa hata na kengele ya shule yake mwenyewe, alimwambia kwamba waraka wa serikali unawaruhusu wasichana waliojifungua kurudi na nafasi yake ya Kidato cha Tatu ipo. Madam Getruda, mwalimu wa nidhamu, akaongeza lake: kwanza asimame paredi Jumatatu awaombe radhi wenzake. Asipoomba, akae nyumbani mpaka ulimi ulainike.

"Waraka hausemi hivyo," Mwalimu Yakobo aliliambia dirisha.

"Waraka haupulizi filimbi," Madam akajibu.

Jumatatu Teodora akasimama mbele ya shule nzima, sare imembana kifuani. Samahani yenyewe ilikuwa fupi, na ndiyo ingemrudisha darasani. Alikuwa ameikariri njia nzima. Sasa ilikuwa imemkaa kooni kama mwiba wa sato. Bibi Evelina alikuwa amekaa kwenye ngazi za ofisi, mtoto mgongoni, akisubiri saa ya kunyonyesha.

"Msichana mwenye adabu," Madam akaanza, filimbi ikining'inia kifuani, "hapayuki ovyo, hajibu wakubwa, hafanyi—"

"Getruda, hebu nyamaza," Bibi akasema kule kwenye ngazi. "Makelele yote hayo ya nini, na asubuhi nimekuosha matako mwenyewe?"

Vicheko vilianzia mstari wa Kidato cha Kwanza, vikafika kwa walimu. Mwalimu Yakobo akageukia bendera.

"Shikamoo bibi," Madam akasema, taratibu mno. "Ni mimi unayeniambia?"

"Marahaba. Namwambia kitukuu, huyu anayelia." Bibi akaeleza yote, bila kumsahau hata yule binamu mlevi.

"Kwa hiyo mmeniweka kundi moja na marehemu?"

"Marehemu walikataliwa, mwanangu. Wewe umekubaliwa, tena ungali hai." Bibi alikuwa ameshafungua kanga. "Na kwetu mtu akikutana na wajina wake, humbeba. Haya, pokea."

Hakuna mtu anayekataa mtoto mbele ya shule nzima. Madam akapokea. Mtoto akanyamaza, akaikamata filimbi iliyokimbiza wanafunzi miaka yote, akaitia kwenye ufizi wake mtupu akaanza kuitafuna. Madam akajaribu kumrudisha, kilio. Akamkumbatia tena, kimya. Akamwangalia usoni.

"Ana pua yangu," akasema, jambo ambalo halikuwezekana.

Hakuna aliyembishia.

"Teodora. Saa nne utakuja kumnyonyesha ofisini kwangu. Si kujificha chooni, ofisini. Bibi atakaa kwenye kiti changu. Wajina wangu hashindi njaa kwenye shule hii."

Mwalimu Yakobo akapata nguvu. "Vizuri sana. Basi Teodora, omba ile radhi, kidogo tu, tuingie madarasani."

"Hata ya jina tu," Madam akasema, sauti imeshuka. Begani mwake palikuwa pameanza kulowa. "Mmenipa mtoto bila kuniuliza."

Teodora akaitafuta ile samahani kooni, asiione. Akaokota begi lake, akaenda kusimama kwenye mstari wa Kidato cha Tatu.

"Jina alichagua mwenyewe, Madam," akasema kutoka pale. "Mimi nimekuja kusoma. Radhi siombi."